Nipande nini chini ya micheri yangu, na nini nikiweke mbali?

Swali: Msimu uliopita nilipanda miche miwili ya cheri tamu, Bing na Lambert, ikiachana mita 5. Eneo lote la katikati ni nyasi. Nimeshauriwa nipande vitunguu saumu vya kufukuza wadudu, marigoldi za kusafisha udongo na nastashiamu za kunasa vidukari. Kwa kuwa jua bado linafika chini, nimefikiria pia nyanya na stroberi mpaka miti itakapotanda kivuli. Kipi kinafaa na kipi kitaniharibia?

Jibu: Ndugu msomaji, nyanya na stroberi usizipande hapo kabisa. Vitunguu saumu havina madhara yenyewe, ila vina tatizo siku ya kuving'oa. Marigoldi na nastashiamu zina kazi, lakini si ile uliyoambiwa. Hata hivyo, kuna mambo mawili katika swali lako yatakayokupunguzia mavuno kuliko mmea wowote utakaoukosea: aina za miti yako, na hizo nyasi.

Nianze na miti. Jirani wa kwanza wa mcheri ni mcheri mwingine, na ulionao sasa hautoshi. Cheri tamu nyingi haziwezi kujichavusha zenyewe, na si kila aina inaweza kuichavusha nyingine. Kinachoamua ni vinasaba ambavyo wataalamu wa matunda huviandika kwa herufi S. Bing ina S3 na S4. Lambert nayo ina S3 na S4, na hata Napoleon ni hivyohivyo. Chavua inayobeba kinasaba ambacho ua linaloipokea tayari linacho huanza kuota kwenye ncha ya ua, kisha inazuiwa njiani kabla haijalifikia yai. Kwa hiyo miti yako miwili itachanua vizuri, nyuki watahangaika juu yake siku nzima, na wiki chache baadaye vitunda karibu vyote vitapukutika vikiwa vichanga. Watu wengi wakiona hivyo hulaumu mbolea au maji.

Dawa yake ni mti wa tatu. Stella, iliyotolewa nchini Kanada mwaka 1968, hujichavusha yenyewe na chavua yake inakubaliwa na Bing na Lambert pia. Lapins inafaa kwa namna hiyohiyo. Van haijichavushi, lakini ina S1 ambayo miti yako haina, basi nayo itakufaa. Panda mmoja wapo ndani ya mita 15 kutoka kwa hiyo miwili, na kwa vyovyote usivuke mita 30. Kama huna nafasi, mwombe mtu anayejua kubebesha akuwekee tawi moja la Stella juu ya Bing. Tawi moja lililoshika vizuri linatosha kwa bustani ya nyumbani. Wakati ukisubiri, msimu wa maua kata matawi machache ya aina inayofaa yakiwa yanaanza kufunguka, yatie kwenye ndoo ya maji na kuitundika ndoo hiyo ndani ya mti. Badilisha matawi baada ya siku mbili au tatu. Cheri chachu usizitegemee kwa kazi hii, kwani nyingi huchanua kwa kuchelewa, wakati maua ya cheri tamu yanakaribia kwisha.

Sasa nyasi. Mizizi myembamba ya mcheri, ile inayokunywa maji na kula mbolea, iko karibu na uso wa ardhi, mingi ikiwa ndani ya sentimita 50 za juu. Mizizi ya nyasi iko palepale, tena ni mingi na yenye kasi zaidi. Mche uliozungukwa na nyasi hunyang'anywa nitrojeni na maji mapema, wakati machipukizi yanapotakiwa kurefuka, na mwaka uliopotea hivyo haurudi. Dalili zake ni machipukizi mafupi, majani ya kijani kilichopauka, na mti unaoacha kukua katikati ya msimu huku unaumwagilia kila mara. Kama miche yako imebebeshwa juu ya shina fupizi (shina la chini linaloufanya mti ubaki mfupi) kama Gisela 5, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mizizi yake ni midhaifu na haitaweza kushindana na nyasi hata ikikomaa. Iliyobebeshwa juu ya Mazzard au Colt huwa na nguvu zaidi, lakini nayo inahitaji kulindwa miaka 3 hadi 4 ya mwanzo.

Kwa hiyo kabla ya kununua mbegu yoyote, ondoa nyasi kwenye duara la nusu kipenyo cha sentimita 60 kuzunguka kila shina, na ukipata nguvu ifikishe mita 1. Usichimbe kwa jembe, utakata mizizi ileile unayotaka kuiokoa. Na Mazzard ikijeruhiwa mizizi hutoa maotea yatakayokusumbua kwa miaka. Zifyeke nyasi ziwe fupi kabisa, tandika maboksi ya karatasi yaliyoondolewa gundi na pini, yapishane sentimita 15 ili nyasi zisipenye kwenye maungio, yaloweshe, kisha weka juu yake matandazo ya vipande vya mbao au majani makavu, unene wa sentimita 7 hadi 10. Acha sentimita 15 kuzunguka shina zikiwa wazi, bila boksi wala matandazo. Unyevu uliogandamana na gome hualika vimelea vya kuozesha shina la mti, na panya hupenda kujificha humo wakitafuna gome bila kuonekana.

Mduara huo ubaki wa matandazo tu kwa sasa. Mimea rafiki unayoitaka itakaa nje yake, na itaruhusiwa kusogea ndani mti ukishashika, kuanzia mwaka wa nne.

Tuje kwenye nyanya, kwa kuwa hapa kosa halifutiki kirahisi. Kuna kuvu wa udongoni anayeitwa Verticillium dahliae, anayesababisha mnyauko. Nyanya, viazi mviringo, biringanya, pilipili, bamia, stroberi, rasiberi, alizeti na jamii ya maboga na matikiti vyote vinaweza kumbeba, wakati mwingine bila kuonyesha ugonjwa mkubwa. Mmea unapooza, kuvu huacha udongoni vijipunje vyeusi vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyoweza kukaa hai zaidi ya miaka 10 vikisubiri mzizi unaofaa. Mzizi wa mcheri unafaa. Kuvu huingia, hupanda kwenye mirija ya maji na kuiziba. Utaliona tawi moja likinyauka siku za joto la kwanza wakati mengine yako sawa. Majani huanza kukauka chini ya tawi yakielekea juu kwenye ncha, na ukilikata tawi hilo kwa mshazari unaona mistari ya kahawia ndani ya mbao. Hakuna dawa ya kupulizia inayoponya. Mti mkubwa unaweza kujikokota na kupona. Mche wa mwaka mmoja au miwili kama yako mara nyingi hufa.

Hata kama udongo wako ungekuwa safi kabisa, bado ningekukataza mboga za kuchimbachimba chini ya mcheri. Kila msimu utalima, utapanda, utapalilia, utavuna kwa kung'oa, na kila tendo ni mizizi iliyokatwa. Isitoshe, nyanya zinataka maji mengi na mbolea nyingi mpaka mwisho wa msimu, wakati mcheri unapaswa kupunguza kukua ili mbao zake zikomae kabla ya baridi. Machipukizi laini ya mwishoni ndiyo yanayoshikwa na donda la bakteria. Stroberi nazo ziweke mita 6 au zaidi kutoka hapo, kwenye tuta la udongo wake, na uoshe jembe unapohama kutoka huko kuja kwenye miti.

Kama hapo ulipopanda palikuwa na shamba la nyanya au viazi zamani, usiing'oe miti kwa hofu. Ipe maji kwa utaratibu bila kuacha udongo ukauke hadi mti unyauke, usiizidishie nitrojeni, na mstari wa katikati ushikwe na jamii ya nyasi fupi zilizokatwa, kwa kuwa nyasi na nafaka kama ngano na mahindi hazimlishi kuvu huyo.

Rasiberi na blakiberi hukuzitaja, lakini nazitaja kwa sababu watu huzipanda kando ya ua karibu na micheri wakidhani zinapatana. Kuna nzi mdogo, Drosophila suzukii, aliyegundulika Ulaya na California mwaka 2008 akitokea Asia. Tofauti na nzi wengine wadogo wa matunda wanaofuata tunda lililooza, jike lake lina msumeno mdogo wa kutagia unaotoboa ngozi ya tunda linaloanza kuiva. Cheri ni chakula chake, na rasiberi na blakiberi ni vipenzi vyake. Ukiziweka pamoja unampa chakula mfululizo: anaanzia kwenye cheri, anahamia kwenye rasiberi, na kizazi kinaongezeka wiki hata wiki. Ua wa Lonicera, vichaka vya maua ya mapambo, nao uuepuke, kwani baadhi ya aina zake hulisha nzi wa cheri wa Ulaya, Rhagoletis cerasi.

Mipichi, miplamu na miaprikoti ni ndugu wa mcheri na hupeana magonjwa, hasa uozo wa kahawia unaosababishwa na kuvu wa jenasi Monilinia. Huhitaji kuifukuza bustanini, lakini iachie nafasi matawi yasigusane, na kusanya matunda yaliyokaukia mtini kwenye miti yote, si kwenye mcheri peke yake. Usipande pia mcheri mpya kwenye shimo lilelile alipokufa mmoja wa ndugu hao. Mti wa walnati unajulikana kwa sumu ya mizizi yake, lakini hata ukiiweka sumu hiyo kando, kivuli chake na mizizi yake mipana vinatosha kuunyima mcheri saa 6 hadi 8 za jua unazozihitaji kila siku.

Magugu nayo yana upande wake. Kidukari mweusi wa cheri, Myzus cerasi, hapitishi mwaka mzima kwenye mti. Mayai yake meusi yanayong'aa hukaa majira ya baridi karibu na macho ya tawi, huanguliwa macho yanapofunguka, na ndani ya wiki chache majani ya ncha yanajikunja kama ngumi huku wadudu wakiwa ndani. Katikati ya kiangazi wanaota mabawa na kuhamia kwenye magugu ya Galium, yale yenye vishikizo vinavyong'ang'ania nguo, na Veronica yenye maua madogo ya buluu. Kabla ya baridi wanarudi mtini kutaga. Ukiyang'oa magugu hayo kuzunguka miti kabla hayajatoa mbegu, umewapunguzia makazi ya kiangazi. Hutawamaliza, maana wanaruka kutoka mbali, lakini ni kazi ya saa moja yenye faida kuliko chupa nyingi za dawa.

Na hapa ndipo nastashiamu zinapokosewa. Vidukari unaowaona wamejaa kwenye nastashiamu kwa kawaida ni wale weusi wa maharage, spishi nyingine kabisa. Kwa hiyo mmea huo hauwavuti vidukari kutoka kwenye mcheri. Unachoweza kupata ni kuwa wadudu-kibibi watakuja kuwala hao wa maharage na wengine wakabaki. Zipande kama unazipenda, nje ya duara, ukijua hivyo.

Marigoldi hali kadhalika. Ni kweli kwamba marigoldi za Kifaransa, Tagetes patula, hupunguza nematodi, yaani minyoo wadogo wa udongoni waharibifu wa mizizi, wakiwemo wale wa jenasi Pratylenchus wanaodhoofisha micheri. Lakini hufanya hivyo zikipandwa nene zikafunika eneo zima kwa muda wa miezi 3 hivi bila magugu, kabla ya kupanda miti, na nguvu yake huwa kwa nematodi waliofikiwa na mizizi yake. Mashina sita kuzunguka mti uliokwisha kupandwa hayasafishi kitu. Ila kwa huo mti wa tatu utakaouleta, nafasi unayo: panda marigoldi kwa umbali wa sentimita 20 kila upande kwenye eneo la mita 2 kwa 2 msimu huu, zikatie udongoni mwisho wa msimu, ndipo upande mche.

Sasa mimea ambayo ningeiweka kwa moyo mmoja.

Wa kwanza ni ile yenye maua madogo yaliyo wazi: giligilani na shamari zilizoachwa zikatoa maua, alisamu nyeupe, na faselia. Nzi-maua wakubwa, na nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya vidukari, wana midomo mifupi. Hawawezi kufikia nekta iliyo ndani ya ua refu. Wakipata maua haya karibu, hukaa, hutaga, na mabuu ya nzi-maua hutambaa hadi ndani ya yale majani yaliyojikunja ambako dawa ya kupulizia haifiki. Jambo la kuzingatia ni wakati. Alisamu iwe imeshachanua pale majani ya cheri yanapofunguka, kwa hiyo ioteshe kwenye vikasha wiki 6 hadi 8 kabla na kuipandikiza. Giligilani ipande kidogokidogo kila wiki 3 ili maua yasikatike. Na kama sisimizi wanapanda shina, mimea hii haitafanya kazi, kwani sisimizi huwafukuza walaji wa vidukari ili waendelee kunywa utamu wa vidukari. Funga kitambaa kwenye shina, kisha paka gundi ya kunasia wadudu juu ya kitambaa, si kwenye gome.

Wa pili ni chaivi, vile vitunguu vya majani membamba vinavyodumu miaka. Navipendelea kuliko vitunguu saumu kwa sababu moja rahisi: chaivi unakata majani na mzizi unabaki, lakini kitunguu saumu lazima uking'oe, na kila kichwa kinatoka na mizizi ya mcheri. Mti ukishafika mwaka wa nne unaweza kuvipanda mpaka sentimita 60 kutoka shinani, kwa nafasi ya sentimita 25 hadi 30. Maua yake yanalisha nyuki. Usitarajie harufu yake izuie kuvu au ifukuze vidukari juu mtini, mita 3 kutoka ilipo. Kwa hilo haiaminiki. Kama unataka kitunguu saumu kwa jikoni, kiweke kwenye mstari nje ya mwisho wa matawi, vipande vikizama sentimita 5.

Dafodili ndizo pekee ninazoziruhusu ndani ya duara hata mti ukiwa mchanga, kwa kuwa hukua mapema, hunyauka mti unapoanza kiu, na vitunguu vyake ni sumu ambayo panya huikwepa. Zizamishe sentimita 15, nusu mita kutoka shinani, na uache majani yakauke yenyewe. Lakini kwa sababu sumu hiyo ni sumu kwa watu pia, na kitunguu chake hufanana na cha kula, usichanganye dafodili na chaivi au vitunguu saumu mahali pamoja.

Komfri moja kwa kila mti, mita 1.5 kutoka shinani, inatosha. Tafuta aina ya Bocking 14 isiyosambaa kwa mbegu, na chagua mahali vizuri kwa sababu kipande chochote cha mzizi kinachobaki huchipua upya. Kata majani mara 3 au 4 kwa mwaka na kuyatandaza juu ya matandazo.

Kwa ukanda wa katikati, klova nyeupe fupi, gramu 1 hadi 2 za mbegu kwa kila mita ya mraba, isifukiwe zaidi ya sentimita 1. Ni nzuri kuliko nyasi tupu kwa kuwa hujitengenezea nitrojeni. Lakini ina masharti. Isiingie ndani ya duara. Ikatwe kabla ya kupuliza dawa yoyote ya wadudu, la sivyo nyuki walio juu yake watakufa. Na kama uko sehemu yenye ugonjwa wa X wa cheri, unaofanya matunda yabaki madogo, yaliyopauka na yasiyo na ladha, usiipande kabisa, wala usiache dandelioni: mimea yote miwili huhifadhi kimelea cha ugonjwa huo, na panzi wadogo wa majani hukihamisha hadi mtini. Sehemu hizo, nyasi fupi za katikati ndizo salama zaidi.

Lavenda na taimu hazifai ndani ya eneo unalomwagilia. Zinataka udongo mkavu, na moja kati yake na mcheri lazima iumie. Na mimea yote uipe maji kwa chini, kwa mpira wa matone au kwa mkono. Kinyunyizio kinacholowesha shina na matawi kinaeneza donda la bakteria, na wiki 3 za mwisho kabla ya kuvuna maji juu ya tunda hupasua ngozi yake.

Cheri zikianza kuiva, fyeka kila kitu chini ya matawi kibaki kifupi, alisamu na giligilani zikiwemo, ili uone matunda yaliyoanguka na kuyaokota kila siku. Funza wa nzi wa cheri hutoka kwenye tunda na kujichimbia sentimita chache tu udongoni, na tunda lililofichwa na majani ndilo litakalokuletea nzi mwakani. Yaliyookotwa usiyatupe kwenye mboji. Yafunge ndani ya mfuko mweusi wa plastiki juani kwa wiki moja kwanza. Na kama una mbuzi au kondoo, wasile majani ya matawi uliyoyapogoa, hasa yaliyonyauka, kwa kuwa hutoa sianidi.